Kicheko cha Kitahana

Ujumbe ulinikuta nachambua maharage. Ulikuja kwenye simu ya binti yangu Editha, anayefundisha shule ya msingi hapa Kasulu, kwa sababu yangu mimi ni ya kitochi na haipokei mambo marefu. Editha aliusoma kwanza peke yake, midomo ikicheza, halafu akasema, "Mama, yule Mzungu wenu wa Kibondo amefariki." Nikamuuliza Mzungu yupi, ingawa nilijua. Wamepita wengi katika maisha yangu, wa kambi, wa visima, wa chanjo, lakini aliyekuwa wetu ni mmoja tu, Mwingereza aliyeitwa Desmond na sisi tukamwita Mzee Desi. Aliyeandika ni mtoto wake wa kike, Helen. Namba aliipata kwa dereva wetu wa zamani, ambaye mpaka mwisho alikuwa akisalimiana na mzee kila Krismasi. Helen alisema baba yake aliugua muda mrefu na amekwenda akiwa amelala. Kutakuwa na siku ya kumkumbuka, na yeye ndiye atakayesimama kueleza habari za kazi yake, kazi ya kuandika na kuigiza vichekesho, aliyoishika tangu ujana. Kisha akauliza jambo moja. Baba yake alikuwa akisema kwamba katika maisha yake yote hakuna mahali watu walicheka kama kijiji kimoja kinachoitwa Kitahana. Alilisema hata hospitalini. Watoto hawakujua kama ni kweli au ni moja ya hadithi zake. "Wewe ulikuwepo," Editha alinitafsiria. "Je, ni kweli walicheka? Kama ni kweli nitalisema. Kama si kweli, sitaki kulisema mbele ya watu waliomjua."

"Mwambie ndiyo," Editha akasema, kidole tayari juu ya kioo. "Si walicheka?"

"Walicheka."

"Basi."

"Si basi," nikamwambia, na nikamwomba aiweke simu chini kwanza. Maharage niliyakoroga tena pamoja, mazuri na mabovu, bila kujua, nikaanza upya kuyachambua. Siku nne nilikaa hivyo. Niliyatoa madaftari yangu ya mwaka ule kwenye sanduku. Nina tabia ya kuandika kila siku tangu nilipomaliza darasa la saba, mistari mitatu, mistari minne, na mara nyingi nikisoma baadaye sielewi nilitaka kusema nini. Lakini kuhusu Kitahana nilielewa vizuri nilichokuwa nimeandika, na ndiyo maana sikuweza kusema ndiyo.

Ya nyumbani kwetu nayaacha. Watu wa asili yetu, tuliovuka kutoka Burundi tukabaki, tumeshaulizwa habari hizo na maafisa wengi mno. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, au ishirini, daftari moja linasema hivi na jingine vile. Nilipata kazi Kibondo kwa sababu ya mwandiko tu. Lilikuwa shirika dogo la maji na vyoo, siku hizi halipo, na lilikuwa limeamua kufundisha watu kuchimba vyoo kwa njia ya igizo la kuchekesha. Mwandishi aliletwa kutoka Uingereza. Igizo lilikuwa na waigizaji sita na kompyuta ilikuwa moja, nayo ilikula umeme wa jenereta, kwa hiyo kila mwigizaji alihitaji sehemu yake iliyonakiliwa kwa mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikaa kwenye sebule ya nyumba ya mzee, nyuma ya soko, nyumba ya tofali za kuchoma yenye meza ambayo mguu mmoja ulikuwa mfupi na tukauwekea kigae. Asubuhi Kibondo ni baridi na ukungu unaingia mpaka ndani. Yeye alivaa sweta mbili, akala mihogo ya kuchemsha na chai, siku nyingine mihogo kwa chumvi, siku nyingine kwa sukari, kama mtu anayejaribu kupata jibu.

Siku yangu ya kwanza nilifika mapema, nikapitia uani, nikamwona mzee wa miaka sitini, mwenye mvi, amesimama karibu na godoro lililotandikwa chini. Akaenda hatua mbili, miguu ikapishana vibaya, akadondoka kama gunia. Nilipiga kelele. Nilikimbia nikamshika kwapani, nikamwambia pole, pole mzee, nikamfuta magoti kwa kitenge changu. Alinitazama kwa upole mwingi akasema kwa kile Kiswahili chake cha kitabuni, "Ninakushukuru sana, dada. Lakini mimi ninafanya mazoezi." Nilidhani sijamwelewa. Akaanguka tena ili nielewe. Ndipo nilipojua kwamba huyu mtu alikuwa anaanguka kila asubuhi, kwa makusudi, kabla ya chai.

Habari za kazi yake alinisimulia vipande vipande nikiwa nanakili. Alisema kwao alikuwa akiandika maneno ya kuchekesha kwa ajili ya redio, miaka ishirini, na watu wengine wakayasema wakawa maarufu. Alisema naye alipanda jukwaani, lakini sehemu zake zilikuwa za mtu anayefungua mlango akapigwa nao usoni. Mwaka wake mzuri kuliko yote alianguka ngazi kila jioni kwenye jumba moja la maonyesho, Jumamosi mara mbili, na watu walilipa kiingilio. Siku moja ngazi zilikuwa kumi na mbili, siku nyingine kumi na tisa. Nilimwuliza ni ngapi hasa, akafikiri, akasema, "Inategemea na siku." Halafu vijana wakachukua redio, wakamwambia vichekesho vyake ni vya watu walioshakufa. Mke wake naye alikuwa ameshakufa. Ndipo akaja kwetu. Sisemi yote ni kweli na sisemi ni uongo. Naandika alivyosema.

Igizo lenyewe lilikuwa hivi. Salvatori, kijana wa asili yetu, mchekeshaji hasa, ambaye alikuwa anaweza kuwachekesha watu kwa kunyanyua unyusi mmoja tu, aliigiza Bwana Baadaye, mkulima anayeambiwa achimbe choo na kila siku anajibu baadaye. Mzee Desi aliigiza mtaalamu wa vyoo kutoka Ulaya. Mtaalamu anakuja na kamba na vipimo, anaeleza, anajisifu, na mwisho anatumbukia kwenye shimo alilolipima mwenyewe. Hapo Bwana Baadaye anachungulia shimoni na kusema, "Mtaalamu, utatoka leo au baadaye?" Igizo zima lilikuwa linapanda kuelekea hapo, kama mtu anayepanda mlima wa Manyovu. Bila kuanguka kule na bila kicheko chake, hakuna kitu.

Tulianza Murungu, siku ya soko. Watu walijaa. Salvatori aliwachekesha vizuri. Mzee Desi akaingia na kamba yake, akapima, akajisifu, akatumbukia. Nimeshuhudia mambo mengi lakini ukimya kama ule nimeusikia kanisani tu. Halafu sauti za wanawake zikapanda zote pamoja: "Yoo! Pole mzee! Ihangane, vumilia!" Wanaume wawili wakaruka shimoni, wakamtoa. Mama mmoja alikuwa ameshafungua kitenge anamfuta magoti, kama nilivyofanya mimi. Mzee mmoja wa pale akamgeukia Salvatori kwa hasira: "Wewe! Mgeni anaanguka mbele yako na umesimama kama mti? Mzazi wako ni nani?" Salvatori akajaribu kusema maneno yake ya baadaye, wakataka kumpiga. Tulipokuwa tunakunja turubai wakaja na kuku jike, amefungwa miguu, wa kumpa pole mzee.

Ilikuwa hivyo vijiji vitatu. Kuku watatu, na mayai. Salvatori alisema ndani ya gari, "Endelea kuanguka, mzee. Krismasi tutakuwa na banda." Alicheka peke yake. Nataka kumtendea haki Salvatori: wengine walisema alikuwa na wivu, lakini mimi naona alikuwa amechoka kutukanwa na wazee wa vijiji. Mzee Desi hakuweza kula wale kuku. Alijaribu kuanguka polepole, alijaribu kuanguka haraka, alijaribu kuanguka huku anatabasamu ili watu waone hajaumia, na hiyo ya tabasamu iliwatisha zaidi. Aliniuliza tatizo ni nini. Sikujua namna ya kumweleza. Kwetu mtu mzima akianguka, pole inatoka kabla hujafikiri, mdomo unasema wenyewe. Huchagui kama unavyochagua kucheka.

Halafu ikaja asubuhi ile ambayo bosi wetu, mama mmoja kutoka Dar, alikuja kupigia simu ofisi kubwa kutoka chumba cha pili, kwa sababu pale dirishani ndipo mtandao ulipokuwa unashika. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mimi nilikuwa nanakili, mzee anamenya muhogo. "Hawacheki," tulimsikia. "Hapana, si wakali. Wanamhurumia. Wanamletea kuku... Ndiyo, kuku... Sasa wafadhili wakija Kitahana Jumatatu waone watu wanamfuta mzungu magoti, nitawaeleza nini? Igizo tunalifunga... Ndiyo, na yeye arudi kwao, apewe tiketi." Nilijifanya naandika. Nilimtazama kwa chini. Wakati huo Kiswahili chake kilikuwa kimeshafika mahali pa kuelewa maneno kama hayo. Aliendelea kumenya, ganda refu likashuka mpaka mezani bila kukatika. Kisha akasema, taratibu, "Jeneroza, kwetu walinifukuza kwa sababu watu walichoka kucheka. Hapa wananifukuza kwa sababu watu wana huruma. Sijui lipi ni bora." Mpaka leo na mimi sijui.

Jumamosi niliazima baiskeli nikaenda Kitahana. Sikumwambia mtu. Pale alikuwepo Bibi Yustina, aliyekuwa akiongoza akina mama wa kanisa, na kila mtu alimsikiliza, hata wanaume, hasa wanaume. Nilimkuta barazani anapukuchua maharage, na mwanawe Filbert, kijana wa rika langu, anatia mpini jembe. Baada ya salamu zote, za watu, za mashamba na za mvua, nikamweleza kwamba Jumatatu anakuja mzee wa Kizungu na kwamba ataanguka shimoni.

"Anaumwa?" Bibi akauliza.

"Haumwi, Bibi. Ndiyo kazi yake."

"Kazi gani?"

"Kuanguka."

Aliacha kupukuchua. "Na kwao wanamlipa?"

"Walikuwa wanamlipa."

"Filbert, umesikia?" akamwita mwanawe. "Na wewe mwaka jana ulianguka na baiskeli bure!"

Filbert alicheka hadi jembe likamponyoka. Nikaona ndiyo nafasi. Nikasema, "Bibi, mkimwambia pole mnaiua kazi yake. Watamrudisha kwao. Nimekuja kuwaomba mcheke."

Hapo hakucheka. "Mwanangu, unataka tumcheke mtu mzima, ana mvi, ni mgeni, tena yuko ndani ya shimo. Halafu Jumapili tupokee komunyo?"

"Ni mchezo, Bibi."

"Nimesikia ni mchezo. Huku ana shemeji?"

"Hana."

"Ana bibi? Ana babu?"

"Hana mtu, Bibi."

"Ndiyo maana," akasema, kama mganga aliyeona ugonjwa. "Mtu asiye na mtu, nani amcheke? Wa kumcheka ni mjukuu wako, shemeji yako. Wa watu humcheki, unamwambia pole." Akapukuchua maganda mawili matatu. "Haya. Ni mjukuu wangu."

"Bibi, ana miaka sitini."

"Na mimi yangu nani anaijua? Nimesema ni mjukuu wangu. Mjukuu wangu nikimcheka, nani atafungua mdomo?" Halafu akanishika mkono, na hapa hakuwa anatania. "Lakini umwambie. Mjukuu ana kazi zake. Ananilimia, ananitania, na siku nikifa anakuja kunisumbua kaburini, aseme nilikuwa mchoyo, adai nifufuke nimpikie. Umwambie amepata bibi."

Nikasema nitamwambia.

Sikumwambia. Nimeandika katika daftari sababu tatu, na zote nikizisoma leo naona ni moja: kama ningemwambia amepata bibi, angeuliza kwa nini, na angejua kwamba nilikwenda kuomba kicheko kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Alikuwa amekaa jioni ile anashona tundu la suruali ya mtaalamu, anapiga mluzi. Nikasema nitamwambia baada ya Jumatatu.

Jumatatu wafadhili walikaa kwenye viti vya plastiki, chini ya turubai, na bosi wetu kando yao anapepea karatasi. Mimi nilisimama upande mwingine na nakala zangu, nikikumbusha waigizaji. Bibi Yustina alikaa mbele kabisa, ardhini, miguu ameinyoosha. Mzee Desi hajasema neno, ndiyo kwanza anaingia na kamba yake, Bibi akapaza sauti: "Jamani! Mume wangu huyo! Tazameni walivyomkondesha huko alikokuwa!" Maana kwetu bibi humwita mjukuu wake mume. Watu wakalipuka. Mzee akashtuka, akamwinamia Bibi kwa heshima kubwa, akavua kofia, nao wakacheka zaidi. Kisha akapima. Kisha akajisifu. Kisha akatumbukia, na nikafumba macho, nikasikia ukimya ule wa Murungu ukianza, na ndani yake sauti ya Bibi: "Amelewa! Mume wangu amelewa tena!"

Sijui nitakielezaje kicheko kile. Watu walishikana. Mtoto mmoja aliogopa akalia kwa sababu mama yake alikuwa amelala chini anapiga udongo kwa kiganja. Salvatori alichungulia shimoni akasema maneno yake ya kutoka leo au baadaye, na kwa mara ya kwanza yalisikika, na kicheko kikaanza upya. Mzee Desi akapanda kutoka shimoni, akafika ukingoni, akatumbukia tena. Hiyo haikuwemo kwenye nakala zangu. Akapanda, akatumbukia mara ya tatu, kwa mgongo, mikono juu. Wafadhili wenyewe walikuwa wanafuta machozi. Alipotoka mwisho uso wake ulikuwa mwekundu, umejaa udongo, na hakuwa mzee tena, naandika nilivyoona.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na migebuka kwa mawese nyumbani kwake. Yeye hakula. Alikuwa anauliza, "Umesikia? Jeneroza, ulisikia?" Nikasema nilisikia. Akasema ameandika maneno ya watu wengine maisha yake yote, lakini kile cha leo kilikuwa chake, hakuna aliyekisema kwa niaba yake. Nilikuwa na kipande cha samaki mdomoni. Nafasi ya kumwambia ilikuwa pale, imekaa mezani pamoja nasi, nami nikaomba chumvi.

Igizo halikufungwa. Tulizunguka mwaka mzima. Kuna vijiji walicheka, kuna vijiji walileta kuku. Kitanga walicheka sana, na Kitanga sikuwahi kwenda kabla ya onyesho, hilo naliandika kwa haki. Labda habari ya mjukuu wa Yustina ilikwenda na wauza ndizi. Labda alikuwa amejifunza kuanguka kwa namna yetu. Sijui. Mwaka ulipokwisha alirudi kwao, ametuachia godoro.

Bibi Yustina alifariki masika yaliyofuata. Nilikwenda kuzika. Wajukuu walifanya utani wao, mmoja akalala kaburini akasema hatoki mpaka Bibi alipe pilipili alizomwahidi, watu wakacheka na kulia. Lakini Filbert alinivuta pembeni. "Yule mwenzao yuko wapi? Mama alimwulizia siku za mwisho." Nikasema, "Yuko mbali. Ametuma salamu." Hakuwa ametuma kitu. Hakuwa anajua. Huo ndio uongo mkubwa nilioandika katika madaftari yangu yote, na niliuandika siku hiyo hiyo, kwa wino wa bluu.

Basi siku ya tano baada ya ujumbe wa Helen nilikwenda Kitahana. Nilitaka kuwauliza wenyewe, kwa sababu nilifikiri mtu wa haki anauliza mashahidi. Filbert sasa ana mvi, na mke wake Agripina anatembea kwa fimbo. Nikawapa kwanza habari ya msiba, kama inavyotolewa kwa ndugu wa marehemu. Filbert akavua kofia. Kisha nikawaeleza yote. Kwamba nilikuja siku ile kuomba kicheko, na kwamba mzee hakuwahi kuambiwa ana bibi.

"Hakujua?" Filbert akauliza.

"Hakujua."

"Kwa hiyo miaka yote hii tunamlaumu mtu asiyejua."

"Ndiyo, kaka."

Nikasubiri anifukuze, hakunifukuza. Nikauliza nilichokuja kuuliza: siku ile mlicheka kwa sababu Bibi aliwaambia mcheke?

"Mama hakutuambia tucheke," Filbert akasema. "Alituambia tu ni mjukuu. Mimi nilikuwa namcheka mama. Kumwita Mzungu mlevi mbele ya wageni wa serikali!"

"Hawakuwa wa serikali."

"Walikuwa na viti."

"Mimi nilikucheka wewe," Agripina akasema.

"Mimi?"

"Si ulikuwa umesimama kando ya turubai, umekumbatia makaratasi, unatukodolea macho kama mtu anayechunga mbuzi wasiingie kwenye maharage ya watu? Tulikuwa tunaonyeshana: tusipocheka, yule binti anazimia."

"Mlinihurumia?"

"Huruma gani? Ulichekesha, dada!" Na akacheka pale pale, miaka hii yote baadaye, fimbo ikitingishika.

Jirani yao aliyekuwa amekuja kusalimia akatikisa kichwa. Akasema wote wawili wamesahau. Yeye alicheka kuanguka, basi. Alisema yule mzee alianguka kama mtu anayeketi kwa heshima zote kwenye kiti ambacho hakipo, na kwamba yeye hata asingekuwa mjukuu wa mtu angecheka, angeungama Jumamosi. Wakaanza kubishana. Agripina akaleta ugali. Nilikaribishwa mara moja, si mara mbili kama zamani, na nikaona ni sawa. Wakati wa kuaga Filbert alisema, "Waandikie huko kwao kwamba huku ana ndugu. Walipaswa kutuambia akiwa bado anaumwa."

Nilirudi Kasulu nikamwambia Editha aandike. Alitaka mistari mitatu. Nikamwambia hapana, andika yote: kuku, Bibi, baiskeli, nilivyosema nitamwambia nisimwambie, salamu za uongo, Filbert anavyosema, Agripina anavyosema, jirani anavyosema. "Mama," Editha akasema, "huyu dada amefiwa. Ameuliza ndiyo au hapana. Unampelekea kesi?" Nikasema sijui ni ndiyo au hapana, na kama sijui siwezi kuchagua kwa niaba yake. Alinung'unika, lakini aliandika mpaka chaji ikakata, akachomeka akaendelea. Alipotuma nilijisikia kama mtu aliyerudisha kitu cha watu kikiwa kimevunjika.

Wiki mbili kimya. Nilijilaumu, nikajitetea, nikajilaumu tena, madaftari yatashuhudia. Kisha jibu likaja. Helen alisema aliyasoma yote mbele ya watu, neno kwa neno, kwa sababu hakujua akate wapi. Alisema watu waliofanya kazi na baba yake walikuwepo, wazee wa vichekesho, watu wagumu, na kwamba walicheka sana, ikabidi asimame asubiri. Alisema hajui kama ilikuwa vizuri kucheka siku ile, lakini anashukuru. Akamtumia salamu Filbert, akaandika jina lake vizuri, na akaomba aelezwe jinsi ya kuwapa pole ya Bibi baada ya miaka mingi hivi.

Hakusema walicheka alipofika mahali gani pa habari. Nilimwambia Editha amwulize, kisha nikamwambia asiulize, kisha nikamwambia amwulize, naye akaizima simu kabisa. Jumamosi nakwenda Kitahana kupeleka salamu hizo. Nitamwambia Filbert kwamba huko nao walicheka. Najua ataniuliza walikuwa wanamcheka nani.